Sahani za Muziki wa Sinema: Sauti za Zamani Zinavyorudi

Tuanze na kijana mmoja ambaye hakuishi duniani ila katika sinema tu. Jina lake Mick Travis. Ni mwanafunzi wa shule ya bweni huko Uingereza. Katika chumba chake anatia sahani juu ya gramafoni, anaweka sindano, na sauti zinatoka: ngoma, mwimbaji mmoja anaongoza, watoto wanaitikia kwa Kilatini, Sanctus. Anaurudia wimbo ule ule mara nyingi. Sinema hiyo inaitwa if...., ilitengenezwa na Lindsay Anderson mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 ilipata tuzo kubwa kupita zote huko Cannes, Ufaransa.

Watazamaji wengi wa London walishangaa wakauliza: «Hawa wanaoimba ni nani?» Sisi twajua. Ni watoto na walimu wa Kamina, katika Katanga. Sahani ile ni Missa Luba.

Habari ya sahani hiyo tutaifikia. Lakini kwanza tueleze jambo lenyewe, maana kuna watu wengi duniani ambao kazi yao ya mapumziko ni kukusanya sahani za muziki wa sinema za miaka ya 1960, hasa zile zinazotolewa upya. Wengine huwacheka. Husema: «Kwa nini kununua kitu kimoja mara mbili, mara tatu?» Sisi pia tuliwahi kuuliza hivyo. Tulipojifunza habari zake, tuliacha kucheka.

Sahani katika miaka ile

Sahani ndefu, ile inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ilitolewa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka wa 1948. Mwaka uliofuata, kampuni ya RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Karibu na mwaka wa 1958 zikaanza kuuzwa sahani ndefu zenye sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Basi miaka ya 1960 ilipoingia, chombo kilikuwa tayari. Mtu aliyependa sinema aliweza kurudi nyumbani na muziki wake chini ya kwapa.

Na watu walinunua kwelikweli. Sahani ya West Side Story, sinema ya 1961, ilikaa mahali pa kwanza katika orodha ya Marekani kwa majuma 54. Sahani ya The Sound of Music, sinema ya 1965, ilipita nyingine zote kwa kuuzwa Uingereza mwaka wa 1965, tena mwaka wa 1966, tena mwaka wa 1968. Na sahani ya Goldfinger, muziki wake John Barry, mwaka wa 1965 ilishika nafasi ya kwanza Marekani, katika siku ambazo vijana walitaka kuwasikia Beatles tu.

Basi mtu atadhani kwamba kila kilichosikiwa katika sinema kiliwekwa juu ya sahani. Sivyo hata kidogo. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Upande mmoja wa sahani ndefu huchukua dakika 20 hivi. Pande mbili ni dakika 40. Muziki wa sinema kubwa waweza kupita saa moja. Kwa hiyo ulikatwa.

Sababu ya pili ni malipo. Huko Marekani, chama cha wapiga muziki kilikuwa na sheria: kampuni ikitaka kuuza juu ya sahani muziki uliopigwa kwa ajili ya sinema, iwalipe wapigaji mara ya pili. Sheria hiyo ilikuwa ya haki, maana kazi moja ilizaa mali mara mbili. Lakini wakubwa wengi waliona ni gharama. Wengine walikusanya wapigaji wachache wakapiga upya kwa haraka. Wengine walikwenda kupigisha nchi nyingine. Wengine hawakutoa kitu.

Sababu ya tatu ni biashara yenyewe. Wenye sahani walitaka nyimbo za kupendeza sebuleni. Muziki wa hofu, wa vita, wa kilio, waliuacha.

Twatoa mifano miwili. Sinema The Magnificent Seven ilitoka mwaka wa 1960. Muziki wake, uliotungwa na Elmer Bernstein, watu wa mabara yote waliujua, hata wale ambao hawakuona sinema, maana ulitumiwa katika matangazo ya sigara. Lakini sauti yenyewe iliyopigwa kwa ajili ya sinema haikuuzwa juu ya sahani wakati ule. Ilitolewa mwaka wa 1998. Hesabu wewe mwenyewe: miaka 38! Mfano wa pili ni Psycho, ya mwaka ule ule wa 1960. Bernard Herrmann aliiandikia muziki wa nyuzi tupu, bila tarumbeta wala ngoma. Sahani haikutoka. Mwaka wa 1975 mtunzi mwenyewe aliupiga upya London kwa ajili ya sahani, akafariki Desemba ya mwaka ule ule.

Mtu wa Roma

Upande wa Italia mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Ennio Morricone alizaliwa Roma tarehe 10 Novemba 1928. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta, naye akajifunza tarumbeta, kisha utunzi, katika shule kubwa ya muziki ya Santa Cecilia. Baadaye alipanga nyimbo za waimbaji kwa ajili ya sahani za RCA Italiana.

Sergio Leone, aliyekuwa mwenzake darasani walipokuwa watoto wadogo, alitaka muziki kwa sinema yake ya mwaka wa 1964, Per un pugno di dollari. Fedha zilikuwa chache. Basi Morricone hakuita jeshi la wapigaji. Aliweka mluzi wa mtu, gitaa ya umeme, mjeledi, kengele na sauti za kwaya. Mpiga mluzi na gitaa alikuwa Alessandro Alessandroni, ambaye pia aliongoza kwaya yake mwenyewe. Baadaye sauti ya mama mmoja, Edda Dell'Orso, iliimba bila maneno, nayo ikawa kama alama ya muziki huo. Kwa sinema ya 1968, ile ya C'era una volta il West, muziki ulitungwa kabla ya kazi ya kamera kuanza, na Leone aliwapigia wachezaji wake wausikie wakiwa kazini.

Mwanzoni watu walisema kazi hiyo ni mchezo wa mitaani. Leo wataalamu huisoma shuleni. Morricone alipewa tuzo ya heshima ya Oscar mwaka wa 2007, na nyingine mwaka wa 2016. Mwaka wa 2015, katika kanisa la Gesù huko Roma, ilipigwa Misa aliyoitunga, Missa Papae Francisci, kwa ukumbusho wa miaka 200 tangu Shirika la Wayesuiti kurudishwa. Alifariki tarehe 6 Julai 2020.

Lakini angalia jambo hili. Sahani ya Il buono, il brutto, il cattivo, ya mwaka wa 1966, ilikuwa na vipande 11. Ilipotolewa upya mwaka wa 2004, viliongezwa vipande 10. Maana yake, karibu nusu ya hesabu ya vipande ilikuwa imelala gizani. Mtu aliyenunua sahani ya kwanza, akanunua na ya pili, hakununua kitu kimoja mara mbili. Alinunua nusu, kisha akapata iliyobaki.

Jinsi zilivyopotea

Sauti hupotea kwa njia nyingi. Huko Hollywood, kampuni ya MGM ilipopata wenyewe wapya mwaka wa 1969, waliona karatasi za muziki za miaka mingi ni mzigo tu. Zikatupwa jalalani, zikafukiwa. Baadaye Mwingereza John Wilson alilazimika kuketi na kusikiliza sinema zenyewe, akaandika upya sauti moja moja, kazi ya uvumilivu mwingi, mpaka muziki ule ukaweza kupigwa tena mbele ya watu.

Mikanda nayo ina maradhi yake. Mikanda mingi ya sinema ya miaka ile ilitengenezwa kwa kitu kiitwacho asetati. Ikikaa mahali pa joto na unyevu, huanza kuoza na kunuka siki. Hujikunja, husinyaa, na mwisho haipiti tena katika mashine. Ubaya ni kwamba harufu ya mkanda mmoja huambukiza jirani zake. Anayefungua sanduku akasikia harufu ya siki ajue kwamba siku zake ni chache: anakili sasa, au asinakili kamwe.

Na moto pia. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka katika viwanja vya Universal huko California, ukateketeza ghala lililokuwa na mikanda ya asili ya muziki. Kilichoungua huko hakinunuliwi tena kwa fedha yoyote. Hapo ndipo sahani ya zamani, iliyotunzwa na mtu asiye na cheo katika nyumba yake, huwa shahidi pekee.

Jinsi zilivyorudi

Waliorudisha sauti hizo kwanza hawakuwa makampuni makubwa. Walikuwa wapenzi. Elmer Bernstein yule yule, katika miaka ya 1970, alianzisha klabu kwa fedha zake. Wanachama walijiandikisha, naye akapiga upya muziki wa sinema uliokosa sahani nzuri, wa wenziwe na wake mwenyewe, kama ule wa To Kill a Mockingbird ya 1962. Hakutajirika kwa kazi hiyo. Lakini alionyesha njia.

Mwaka wa 1982 ikaanza kuuzwa sahani ndogo isomwayo kwa mwanga, ile tuiitayo sidii. Hiyo huchukua zaidi ya dakika 70. Ile sababu ya kwanza, ya nafasi, ikaisha. Nyumba ndogo za kutoa muziki zikastawi: Varèse Sarabande na Intrada huko Marekani, Digitmovies huko Italia, Quartet huko Hispania. Watu wao huingia katika maghala, husoma maandishi yaliyofifia juu ya masanduku, hutafuta mkanda wa asili, husafisha sauti, huandika kijitabu chenye majina ya wapigaji. Kisha hutoa nakala chache, pengine 1,000, pengine 3,000. Zikiisha, zimeisha. Ndiyo sababu wakusanyaji huamka mapema siku ya kutolewa kwa sahani, kama watu waendao sokoni samaki wanapofika.

Mfano mmoja wafaa kutajwa. Alex North alitunga muziki kwa sinema 2001: A Space Odyssey, ya mwaka wa 1968. Mwenye sinema, Stanley Kubrick, aliukataa wote akaweka muziki mwingine, na North alijua habari hiyo alipokwenda kuitazama sinema. Fikiri aibu yake! Alifariki mwaka wa 1991. Mwaka wa 1993 rafiki yake Jerry Goldsmith, mtunzi mwenzake, aliupiga muziki ule na kuutoa juu ya sahani. Na mwaka wa 2007 ukatolewa hata mkanda wenyewe wa North. Kazi iliyokataliwa mbele ya watu ilisikiwa baada ya miaka karibu 40. Mtu alikuwa amekwisha lala kaburini, lakini jina lake lilisimamishwa tena.

Sahani ya Kamina

Sasa turudi Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya huko kwaya ya watoto karibu 45 na walimu karibu 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba Misa mpya katika misioni ya Kamina. Maneno yake ni Kilatini cha Kanisa, bila kubadilishwa. Lakini sauti, ngoma, na namna ya mmoja kuongoza na wengi kuitikia, ni za Waluba na jirani zao. Sanctus inafuata wimbo wa kuagana; Hosanna inafuata mwendo wa ngoma ya Kasai.

Jambo kubwa ni hili: Misa ile haikuandikwa kwanza juu ya karatasi. Waimbaji waliijenga pamoja kwa kuimba, na kila mara ilibadilika kidogo, kama hadithi inavyobadilika mdomoni mwa msimulizi. Karatasi zilikuja nyuma, zikiandikwa kwa kufuata sahani. Kama sauti isingenaswa mwaka ule wa 1958, leo tungekuwa na neno «zamani watoto wa Kamina waliimba vizuri», basi. Tungekuwa na sifa bila sauti.

Kampuni ya Philips ilitoa sahani hiyo. Pamoja na Misa kulikuwa na nyimbo za nyumbani: za harusi, za kazi, za ngoma. Mwongoza wimbo alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ya Kamina. Miaka mitano ilikuwa bado kabla Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 4 Desemba 1963, haujasema kwamba muziki wa mataifa yenye mapokeo yao upewe heshima katika ibada.

Sinema ikaipokea mapema. Mwaka wa 1964 Pier Paolo Pasolini alitengeneza Il Vangelo secondo Matteo, sinema ya Injili ya Mathayo, huko kusini mwa Italia, mahali pa mawe na nyumba maskini. Pasolini mwenyewe alisema hana imani. Lakini mwaka wa 1962, akiwa Assisi wakati Papa Yohane XXIII alipokwenda huko, alisoma Injili moja kwa moja chumbani, na kutoka hapo sinema ikazaliwa. Aliitoa kwa kumbukumbu ya Papa huyo. Ndani yake kuna muziki wa Bach na wa Mozart. Na pamoja nao, bila kuketishwa nyuma, kuna Gloria ya Kamina. Mwishoni, Bwana anapofufuka, sauti zinazotangaza furaha ni za watoto wa Katanga.

Kisha ikaja if...., ya 1968. Hiyo si sinema ya kuwaonyesha watoto. Ina ukali mwingi. Lakini kwa sababu yake Sanctus ilitolewa tena juu ya sahani ndogo, na mwaka wa 1969 ikaingia katika orodha ya sahani zilizouzwa sana Uingereza. Hiyo ilikuwa kazi ya sinema: iliichukua sauti ya miaka zaidi ya kumi, ikaifanya mpya masikioni mwa watu.

Hapa tuungame kosa letu. Mwaka wa 1990 ilitoka sidii yenye jina Missa Luba, nzuri sana, iliyoimbwa na Muungano National Choir ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga. Wengi walioitafuta sauti ya sinema waliinunua, nasi tukiwa pamoja nao. Tulipoisikiliza tukasema: «Mbona watoto hawamo?» Kumbe hatukusoma mgongo wa sahani. Kwaya ya Kenya haikumdanganya mtu. Jina lake limeandikwa wazi. Sisi tuliona jina la Misa tukatosheka.

Mambo ya kushika

Kwa hiyo twawapa wenye kukusanya mashauri machache.

Soma nyuma ya sahani kabla ya kulipa. Tafuta mambo matatu: nani anaimba au anapiga, mwaka gani sauti ilinaswa, na kama ni sauti ya sinema yenyewe au imepigwa upya. Jina la mbele halitoshi.

Usitupe ya zamani kwa sababu umepata mpya. Goldfinger ya Uingereza na ile ya Marekani hazikuwa na vipande sawasawa. Ilibidi kuzikusanya zote mbili ili toleo la 2003 litimie.

Simamisha sahani wima kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine zitapinda. Ziweke mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Zishike kwa ukingo, zifute kwa kitambaa laini, badilisha sindano iliyochakaa.

Tena andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari weka jina la sahani, mwaka, mahali ulipoipata, na majina ya watu wote waliotajwa.

Shauri la mwisho si la wenye sahani tu. Katika parokia nyingi kuna kabati lenye kaseti za kwaya: za jubilei, za upadrisho, za Noeli ya mwaka fulani. Hazina jina, zina vumbi. Waliotunga nyimbo zile wengine wamezeeka, wengine wamekufa. Hakuna nyumba ya Ulaya wala ya Marekani itakayokuja kuzitafuta. Mkanda wa Missa Luba ulipata mlinzi kwa sababu kampuni iliona faida. Mikanda yetu haina mlinzi ila sisi. Basi Jumapili hii, mwenye ufunguo wa kabati na alifungue, amwite mzee mmoja wa kwaya, wasikilize pamoja, na aandike juu ya kila kaseti: ni nani hawa wanaoimba.